Nyayo Kwenye Majivu

Diploma yangu imetundikwa sebuleni kwangu, Ipuli, hapa Tabora mjini, mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajaonyeshwa kiti. Fremu niliitengenezesha Gongoni kwa seremala mmoja mzee, mtu wa mji tangu enzi za babu wa babu yake, na nilimwambia atumie mninga, si mbao za maboksi. Watu husema najisifu. Sawa. Niliondoka kijijini, upande wa Ziba, na sanduku la bati lisilo na kufuli. Nikabeba zege Dar es Salaam, nikachimba mitaro ya mabomba ya watu, nikasoma jioni nikiwa na saruji kwenye kucha, na nilipofika umri ambao wenzangu walikuwa na watoto wanne, nikapata karatasi hiyo: maji na usafi wa mazingira. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtu wa namna hiyo asipojisifu mwenyewe, amsubiri nani?

Sisi watu wa huku kwenda na kurudi ni jambo letu la siku nyingi. Barabara ninayopita na pikipiki kutoka Tabora kwenda kwetu, sehemu zake ni njia ile ile ya misafara ya zamani. Wazee wa wazee wetu waliishika kwa miguu mpaka pwani, mzigo begani, na aliyerudi alirudi na kaniki, shanga na maneno mengi. Nyumbani kwetu walisimulia habari za babu mmoja aliyerudi na mwavuli. Alitembea nao kiangazi kizima, anga ni kavu, yeye na mwavuli wake, na watu waliacha majembe wakamtazama. Mimi nimerudi na diploma. Nilimwelewa babu yule tangu nikiwa mdogo.

Kasoro yangu ni kwamba situlii. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Chai naimaliza nimesimama. Mafundi wangu, pale ninapomwaga slabu za vyoo, hunitania kwamba hata nikifa jeneza litatikisika. Na mwaka ule ninaousimulia, sababu ya kutotulia nilikuwa nayo.

Dada yangu mdogo ameolewa huko huko upande wa Ziba, kwa wafugaji. Mtoto wake wa kwanza alimzika kabla hajajua kuita mama. Kuharisha siku tatu, macho yakazama, basi. Mimi nilikuwa bado Dar es Salaam, nikapata habari kwa simu nikiwa ndani ya mtaro, na sikupanda basi mpaka mazishi yakapita. Wa pili, wa kike, alipotimiza mwaka na miezi kadhaa, akaanza vilevile. Leo tumbo, kesho nafuu, wiki ijayo tumbo tena. Dada alinitumia picha ya kadi ya kliniki. Mstari wa uzito, ambao unatakiwa kupanda, ulikuwa umelala, na mbele kidogo ukaanza kushuka. Chini ya picha aliandika, "Kaka, nifanyeje?"

Niliisoma nikiwa nimesimama, na kabla sijaketi nilikuwa nimeshaamua. Kile ambacho nawajengea watu wa Tabora wanaonilipa nitakijenga kwa dada yangu. Choo bora, kamili, cha kwanza katika kitongoji kile.

Nilikwenda Gongoni kuagiza mlango. Seremala akanyanyua penseli sikioni.

"Mingapi?"

"Mmoja."

"Unakwenda kujenga kijijini, kwa wakwe wa dada yako, mlango mmoja?"

"Choo kimoja, mlango mmoja, mzee wangu. Hesabu ndogo hiyo."

"Watu wa upande wenu wakija hapa kwangu huchukua miwili."

"Hao hawana vyeti."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. "Haya, bwana vyeti. Mmoja. Wa pili nitauanza ukiondoka."

Sikumuuliza maana yake. Nilikuwa na haraka, mimi siku zote nina haraka, na nilidhani anataka kuuza mbao.

Nyumba ile ina watu wachache. Baba mkwe wa dada yangu, mzee mrefu, mkimya, aliyefiwa na mkewe zamani. Dada yangu. Mtoto. Mume wa dada alikuwa Urambo msimu mzima, kwenye mashamba ya tumbaku. Kwenye mji wa pili, maana kwetu boma la mtu huitwa mji, hatua mia hivi kutoka hapo, anaishi dada wa yule mzee, shangazi wa shemeji yangu, mama mwenye ulimi kama wembe mpya. Mimi pia namwita shangazi.

Nilijenga siku sita. Shimo nililijengea matofali ndani kwa sababu udongo wa mbugani ukilowa hubomoka. Nikaweka slabu ya zege laini inayofagilika, bomba la kutolea harufu lenye wavu juu, bati jipya, na mlango wa Gongoni wenye komeo. Pembeni ya mlango nilining'iniza kibuyu chirizi: dumu dogo kwenye kamba, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, hushiki kitu kwa mkono mchafu. Sabuni niliitoboa katikati nikaifunga hapo hapo. Hata vyoo vya ofisi kadhaa mjini havifikii kile. Nasema hivyo kwa sababu nimevikagua.

Majirani walikuja kukitazama kama wanatazama bibi harusi. Mzee akakizunguka mara mbili, akagonga bomba kwa kidole.

"Hiki choo ni cha nani?" akaniuliza.

"Cha wote, baba. Cha familia nzima."

Akakohoa. Akatazama zizi la ng'ombe muda mrefu. "Haya," akasema.

Na mimi, watu wamejaa uani, dada amembeba mtoto mgongoni, nikapaza sauti. "Mtoto huyu hatapelekwa tena zahanati kwa ajili ya tumbo. Mkisikia amepelekwa, njooni Ipuli mchukue diploma yangu mkaiwashie moto!"

Walipiga vigelegele. Shangazi alipiga kuliko wote.

Haukupita mwezi. Dada akapiga simu: mtoto anaharisha. Nilifika zahanati nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya kuchoka, alikuwa akimuuliza dada maswali ya kawaida.

"Choo mnacho?"

"Tunacho!" nikajibu mimi. "Cha kisasa. Nimekijenga mwenyewe."

"Mahali pa kunawia?"

"Papo. Na sabuni."

Muuguzi akaandika. Dada alikuwa ameinamia mtoto, anamnywesha dawa ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Hakuinua uso. Nilidhani ni uchovu.

Mtoto alipata nafuu, mimi sikupata. Nilianza kumtafuta mchawi kwa njia za kitaalamu. Ninavyo vichupa vya kupimia maji. Unatia maji juu ya dawa, unakiacha kichupa kivulini, na maji yenye kinyesi hugeuka meusi. Nilipima maji ya pampu ya kijiji. Baada ya siku mbili yalikuwa meupe kama yalivyoingia. Nilipima maji ya ndoo ya dada, ile ile aliyochota kwenye pampu hiyo hiyo. Yakawa meusi kama masizi.

Nilimpelekea kichupa jikoni. "Unaona? Yanaondoka pampuni mazima, yanaharibikia hapa."

"Ndoo naiosha kaka. Kila siku naiosha."

"Unaiosha kwa mikono gani?"

Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kisha akaificha kwenye khanga. Neno lile nilitamani kulirudisha, na bado natamani.

Sikuweza kulala kwa raha wala kuondoka. Nilikagua kikombe, nikakagua kata, nikafunika ndoo kwa sahani, nikamkataza mbuzi kusogea jikoni. Asubuhi iliyofuata nilichota majivu mekoni, nikayanyunyiza chooni, kuzunguka tundu na sakafu yote mpaka kizingitini. Ndivyo tunavyofundisha, majivu hukausha, hupunguza harufu na nzi. Sikuwa na nia ya kumpeleleza mtu.

Saa kumi alasiri nikaingia kuongeza mengine. Kwenye majivu kulikuwa na nyayo. Nikachuchumaa nikazitazama, kwa sababu zote zilikuwa za namna moja: mistari ya kukunjana, mipana, ya tairi la lori. Mzee anavaa katambuga, makubazi yaliyokatwa kwenye tairi. Dada anavaa kandambili. Hapakuwa na kandambili. Hapakuwa na unyayo mtupu. Nilifagia, nikanyunyiza upya, kesho yake nikatazama. Tairi. Kesho kutwa, tairi.

Dada alikuwa anatwanga. Nilisimama mbele ya kinu, nikihamisha uzito mguu huu na mguu ule.

"Chooni huendi?"

Mchi ukasimama hewani, ukashuka taratibu. "Choo ni kizuri, kaka."

"Sikukuuliza uzuri."

"Kizuri sana. Hata bati lake." Akaanza kutwanga kwa kasi kama anayefukuzwa.

"Unaogopa tundu? Slabu ile inabeba ng'ombe. Unaogopa giza? Nitatoboa dirisha."

"Sitaki dirisha."

"Basi unataka nini? Nijibu, mimi ni kaka yako!"

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Shangazi alikuwa amekuja kuomba chumvi, na sijui alisimama pale tangu neno gani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ile diploma nije kuichukua lini? Kuni zimeniishia."

"Shangazi, huu si wakati."

"Ni wakati wake kabisa. Mtoto amepelekwa zahanati, ahadi ni ahadi." Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Wewe ulizaliwa wapi? Ulaya?"

"Nilizaliwa huku huku, unajua."

"Kwenye vitongoji hivi vyetu, vyenye wakwe kama sisi?"

"Ndiyo."

"Na mamako alikuwa anajisaidia wapi, babu yako mzaa baba akiwa hai?"

Dada aliachia mchi akaingia ndani, kichwa chini. Shangazi akatikisa kichwa kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Mkwe achuchumae alipochuchumaa baba mkwe wake? Aingie, atoke, wakutane mlangoni, 'karibu baba', 'asante binti'? Afadhali atembee uchi sokoni. Umeweka choo kimoja, mzee ameingia siku ya kwanza. Kimekwisha. Ni cha mzee. Hata afe, ni cha mzee."

Nakumbuka mguu wangu ulitulia. Nilimwona mama yangu, alfajiri, jembe begani kama anakwenda shambani, na shamba lenyewe limeshavunwa. Choo cha babu, cha nyasi, kilikuwa karibu na nyumba. Yeye alikipita kwa mbali, uso umegeukia upande mwingine, akaenda mpaka kwenye vichaka. Mimi nikimfuata. Nilikuwa namsubiri njiani nikirushia ndege mawe. Miaka na miaka. Hakuna aliyenifundisha jambo lile, na ndiyo maana sikuwa najua kwamba nalijua. Chuoni nilijibu maswali ya kina cha shimo, umbali kutoka kisimani, mwelekeo wa upepo. Nilipata alama nzuri. Swali la mkwe halikuulizwa, na mimi, niliyekuwa mtu pekee darasani ambaye angeweza kulijibu, sikunyanyua mkono.

Kisha jambo la pili likanipiga, baya kuliko la kwanza. Sabuni. Kibuyu chirizi na sabuni nilivifunga kwenye mlango wa choo cha mzee. Dada hakuweza kusogea hapo. Alikwenda kichakani, akarudi, akamsafisha mtoto, akachimba kidogo kwa jembe akafukia pembeni ya uwanja kinyesi cha mtoto, ambacho kwetu huonekana si kitu, kisha akashika kata akachota maji ya kunywa. Mikono nilimwuliza mimi, na sabuni niliitundika mimi mahali asipoweza kuifikia.

"Nitachimba cha pili," nikasema. "Leo."

"Kwenye uwanja wa nani?" shangazi akauliza. "Mwenye mji ndiye anayeonyesha mahali. Na nani atamwambia kwamba choo ni cha mkwe wake? Si mimi. Mimi nimekuja kuomba chumvi."

Nilimpigia shemeji Urambo. Akanisikiliza vizuri, akauliza habari za ng'ombe, kisha nilipofika kwenye lenyewe akaanza kuguna.

"Shemeji, mambo ya choo cha baba na mke wangu nitayasemaje kwenye simu?"

"Kwa mdomo!"

"Mtandao huku ni mbaya, shemeji. Halo? Halo?"

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilimsikia akipumua.

Nikafanya ninachofanya kila kinaponishinda kitu: nikawasha pikipiki. Nilirudi Tabora mchana ule ule kutafuta saruji na mlango. Joto lilikuwa lile la mwisho wa kiangazi, mawingu yanajikusanya kila siku na kutawanyika, na njia nzima nilikuwa natazama juu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila kilichofukiwa pembeni ya uwanja na kila kilicho vichakani kingetelemka kwenye uwanja ule anaotambaa mtoto. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Seremala hakunisalimia kwa maneno. Alikwenda nyuma ya karakana, akarudi na mlango wenye vumbi, sawa na wa kwanza, mpaka komeo.

"Umekaa unanisubiri?" nikamuuliza.

"Tangu siku ile ile. Mke wangu wa kwanza alitoka upande wenu, Mungu amrehemu. Miaka miwili alikuwa anakwenda kwa jirani, na sisi tuna choo ndani, tukikitumia na baba yangu. Nilidhani anapenda kupiga soga."

Nilifunga mlango kwenye pikipiki, ubavuni, kama bawa moja, na njia nzima upepo ulikuwa unataka kuniangusha.

Nilipofika nyumbani kwa dada siku mbili baadaye, hapakuwa na mtu. Meko baridi. Shangazi akanipigia kelele kutoka kwake: wamekwenda zahanati tangu jana, mtoto hajafungua macho vizuri. Hakutaja diploma.

Zahanati nilimkuta mtoto amewekewa maji ya mshipa. Mkono ule ulikuwa mdogo kuliko plasta iliyoushika. Dada ameketi kitandani, kadi ya kliniki mapajani, kidole chake kimewekwa pale mstari ulipoishia kana kwamba anauzuia usiende chini zaidi.

"Kaka," akasema, "wa kwanza alikuwa hivi hivi siku ya pili."

Nilitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni, hata muuguzi akanishika mkono. "Bwana, ama ukae ama utoke nje. Unawatia wagonjwa kizunguzungu."

"Atapona?"

"Amewahishwa. Maji yanaingia. Huyu atapona," akasema. "Lakini mkimrudisha mahali pale pale, mtamrudisha hapa hapa."

Nikatoka, nikarudi nyumbani kwa dada. Sikumuuliza mzee, sikumuuliza yeyote. Nilishika jembe na sururu nikaanza kuchimba upande wa jikoni, karibu na dada anapofanyia kazi, mbali na choo cha kwanza. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali juu, na chini ulikuwa mweusi, unameguka. Nilifika kiunoni ukuta mmoja ukaanguka miguuni mwangu. Nikatupa nje udongo ule, nikaendelea, ukuta wa pili ukaanguka.

Mzee alitoka zizini. Alisimama hatua kumi kutoka shimoni, akanigeuzia mgongo. Hapo palikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti wa ua. Mzee akaanza kuzungumza na mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "mwambie anayechimba kwamba pale udongo haushiki. Nyuma ya kichuguu ndipo unaposhika. Nyoka tu ndiye anayeweza kubomoa pale, na amehama."

Nikaacha sururu.

"Tena pale mtu akipita kwenda, hapiti mbele ya macho ya mtu. Mwambie."

"Nimesikia, baba," nikasema.

"Sisemi na wewe." Akamkuna mbuzi kichwani. "Siku ile nilipoambiwa ni cha wote, nilinyamaza. Mgeni ameleta zawadi, utamrudisha nayo mlangoni? Nikasema huyu amesoma, lazima ana njia yake ya kufanya, atatuambia. Nikasubiri. Hakusema. Nikaingia mimi, kwa sababu kisipoingiwa na mtu ni matusi kwake."

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba.

"Mashimo ya mji huu nachimba mimi," akasema tena, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "La yule mdogo wa kwanza nililichimba mimi. Halikunichukua hata asubuhi moja. Mwambie anayechimba: sichimbi tena la namna ile."

Akaenda kuchukua jembe lake.

Tulichimba nyuma ya kichuguu siku tatu, mimi na yeye, bila kutaja neno choo. Tulisema "hapa" na "pale" na "kina hicho". Alikuwa amesema kweli kuhusu udongo. Kuta zilisimama wima kama zimepigwa rula, na mimi nilizijengea matofali tu kwa sababu ndivyo ninavyofanya kazi yangu. Matofali yenyewe yalinipungukia. Mzee alikuwa na tanuru alilochoma mwaka uliopita, la kuongeza chumba. Sikumwomba. Nilimwona anayaleta kwa toroli, akiyapanga kwa idadi ya mstari mmoja mmoja, na mwishoni chumba chake kizima kilikuwa kimeingia ardhini. Shangazi alikuwa anakuja kutuletea uji na kutukagua.

"Vyoo viwili, watu watatu," akasema. "Mtaanza kutukaribisha tuje kama wageni wa sikukuu."

"Karibu, shangazi."

"Mimi sina haraka. Nasubiri ile karatasi."

Safari hii kibuyu chirizi nilikitundika mahali pawili: mlangoni pa choo kipya na jikoni, kwenye nguzo, karibu na ndoo. Sabuni mbili. Nilinunua pia poti ya plastiki ya mtoto, ya kijani. Mlango wa seremala ulikaa kwenye fremu yake mchana wa siku ya nne, na wingu lilikuwa limeshafika juu yetu.

Mvua ilianza kwa matone makubwa, machache, yanayonyanyua vumbi. Dada alirudi nayo. Alishuka kwenye bodaboda barabarani, mtoto kifuani ndani ya khanga, akapita uwanjani mbio mbio. Mtoto alikuwa amefungua macho. Alinitazama, akatazama poti ya kijani mkononi mwangu, hakuvutiwa na yeyote kati yetu.

Nilimnyooshea dada poti. Aliitazama, akatazama kichuguu, akaona ukingo wa bati nyuma yake. Mzee alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda chake, pale anapoketi kila siku, uso umeelekea uwanja. Kutoka hapo angemwona mkwe wake akiondoka na kurudi, kichuguu au si kichuguu. Dada akasita. Maji ya mvua yalikuwa yameanza kutembea uwanjani, yakibeba majani na mavumbi ya kiangazi kizima.

Mzee akainuka. Akashika kigoda chake, akakigeuza, akaketi tena, uso kwa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, mgongo kwa mji wote. Hakuna ng'ombe upande ule, hakuna kitu cha kutazama, ni udongo mtupu uliopakwa. Akaanza kuzungumza peke yake kuhusu mvua.

Dada alipita na mtoto na poti. Nilisikia komeo. Baada ya muda nilisikia maji ya kibuyu yakichirizika, tofauti na ya mvua, na sauti yake akimwambia mtoto, "Lete na mkono huo."

Nilikuwa nimesimama chini ya ukingo wa paa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ningeweza kukaa. Kigoda cha jikoni kilikuwa wazi. Lakini nilikuwa nimeanza kufikiria nyumba nyingine. Vyoo nilivyojenga tangu nirudi ni vingi, vijijini na pembezoni mwa mji, na ninajivunia kila slabu. Hakuna hata moja iliyopata ufa. Karibu vyote ni kimoja kimoja. Mlango mmoja, kibuyu kimoja. Na ndani ya nyumba zile wamo wakwe.

Mtoto aliugua tena mara moja mwezi uliofuata, siku moja, akapona nyumbani. Mstari wa kadi umeinuka. Dada hunitumia picha yake kila kliniki, bila maneno, na mimi huitazama mara nyingi kuliko ninavyomwambia mtu. Diploma haijachomwa, ingawa shangazi akija Tabora hupima fremu kwa kiganja na kusema mninga huwaka vizuri.

Asubuhi baada ya mvua ile sikungoja barabara ikauke. Nilianza na nyumba ya karibu, kijiji cha pili, choo nilichokijenga mwaka mmoja kabla na ambacho picha yake nawaonyesha wateja. Wenyewe walinipokea kwa furaha, bwana mkubwa karibu, fundi wetu karibu. Baba wa mji yuko barazani. Mke wa mwanawe anachambua mchicha, hakunitazama usoni. Wakanivutia kiti.

Sikukaa. Sikuuliza nani anatumia nini, kwa sababu nilishajua jibu la swali hilo lingekuwa kwamba choo ni kizuri sana.

Niliomba majivu.